Katunge Hakusema Hivyo

Watu wa Tulia wana mdomo mrefu na kumbukumbu fupi. Mutanu wa Nyamai alikuwa kinyume chao. Aliongea kidogo, na hakusahau kitu. Alikumbuka nani alicheka siku gani, amevaa nini, amesimama mlango upi. Kwa hiyo Alhamisi ile ya soko, Kasyoka muuza ndengu alipoingia kwenye duka la sinema la msichana huyo bila salamu na kubamiza flashi juu ya kaunta, Mutanu alikumbuka kwamba mwanamke huyuhuyu, miaka miwili nyuma, alisimama hapohapo akilia kwa furaha, na ni mfululizo uleule wa sinema uliomliza.

“Katunge ni mwongo,” Kasyoka akasema.

“Mama, pumua kwanza.”

“Sipumui. Nilimsikia na masikio yangu haya. Alisema atangoja. Leo anamwambia mwanamume, ‘Mimi sikukuahidi kitu.’ Mbele ya watu! Na shela kichwani!”

Katunge hakuwa mtu wa Tulia. Alikuwa mwanamke wa sinema, katika ule mfululizo wa Mlango wa Mchanga ambao watu wa Kitui na Makueni waliupenda kama mtoto wa nyumbani. Jina lake la Kizungu walilijua wachache. Katunge, na mpenzi wake Nzioka anayezunguka jangwani akitafuta mji uliozikwa, walipewa majina hayo na Dijei Muthama wa Kikima, aliyezichukua sinema zile na kuzisimulia kwa Kikamba, akitoa sauti zote peke yake: ya mwanamume, ya mwanamke, ya ngamia mwenye kiu.

Sehemu ya pili iliishia Nzioka akipanda ngamia. Aligeuka akauliza, “Utaningoja?” Naye Katunge, kwa sauti ya Muthama iliyolainishwa mpaka ikawa kama asali ya Tseikuru, akajibu: “Nenda. Mimi ni wako. Nitakungoja mpaka nywele hizi ziwe nyeupe kama pamba.” Watu waliweka maneno hayo kwenye simu yalie kila wakipigiwa. Kule Mbooni kulikuwa na bibi harusi aliyeyarudia mbele ya mchungaji, na mchungaji akasema amina.

Sasa sehemu ya tatu ilikuwa imefika, kwa Kiingereza kitupu, bado haijasimuliwa. Nzioka anarudi baada ya miaka saba, anamkuta Katunge akiolewa na daktari. “Uliniahidi,” anasema. “Sikukuahidi kitu,” anajibiwa. Na hapo ndipo watu walipogawanyika kama mto uliokutana na jiwe. Vijana waliosoma walisema hiyo ndiyo tamu kuliko zote tatu. Wengine walisema wametemewa mate masikioni. Kwenye kinu cha kusaga mahindi wanaume wawili walikuwa wameshikana mashati kwa ajili ya daktari wa sinema.

“Unaniambia nipumue, yaani unamtetea,” Kasyoka akaendelea, akimkagua kutoka kichwani hadi viatuni. “Si ajabu. Na wewe una wako wa kumkana.”

“Sema vizuri, Mama.”

“Nimesema. Dijei wa watu yuko huko nje miaka miwili akijua ana mke Tulia. Jumamosi mbuzi za Tseikuru zinaingia kwenu. Sasa tofauti yako na Katunge ni gani? Ni shela tu.”

Mutanu alichukua flashi, akaipangusa vumbi na kuirudisha mkononi mwa mwenyewe. Hasira yake haikuwahi kukaa kwenye vidole. Ilikaa chini ya ulimi, na leo ilikuwa imekaa huko siku ya mia saba na kitu.

Kwa maana yeye alijua. Katika dunia nzima watu wawili tu walijua, na mmoja alikuwa ni yeye. Muthama aliacha shule kidato cha pili. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Sinema zile alizisimulia kwenye chumba cha nyuma cha duka hili, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani kuzuia kelele za soko, na Mutanu akiwa ubavuni pake, mdomo kwenye sikio lake, akimnong'oneza maana. Yeye anong'one, Muthama aseme. Hivyo tu, sinema baada ya sinema, mpaka pumzi zao zikazoeana. Na Katunge alipoulizwa, “Utaningoja?”, Mutanu alinong'ona: “Hapa hasemi kitu. Anamwangalia tu. Nyamaza.”

Muthama hakunyamaza.

*

Saa nane Mzee Nyamai alikuja na kusimama nje ya kizingiti. Alikuwa shemasi, na hakuwahi kuingia duka la binti yake kwa sababu ya picha za wanawake wa sinema zilizobandikwa ukutani. Siku zote aliongea naye kutoka juani.

“Mutanu, mchungaji ameniita.”

“Ndio, Baba.”

“Mama yake yule kijana wa Kikima amempigia. Anasema wewe ni wao. Anasema uliahidi, na kijana akaenda kutafuta maisha kwa sababu ya ahadi hiyo. Mchungaji anasema hatutakula ntheo ya watu wa Tseikuru kama kuna mtu mwingine unamshikia neno.”

Ntheo ndizo mbuzi za kwanza za mahari. Zikishapokelewa, msichana ana kwao pengine. Familia ya Nzau, mfugaji wa Tseikuru, ilikuwa itoke na mbuzi hizo kesho.

“Sikumwahidi, Baba.”

“Watu wote wanasema uliahidi.”

“Walinisikia?”

Mzee alijikuna shingo. “Walimsikia mama yake akisema kwamba ulisema.”

“Na hao wa Tseikuru, nani aliwaambia nimekubali?”

“Mimi.” Alishangaa swali. “Si nilikuuliza, ukanyamaza? Msichana mwenye adabu hasemi ndio kama anayenunua nyanya. Ananyamaza, tunaelewa. Mama yako alinyamaza, na tumekaa miaka thelathini na nne.”

“Mama alikuwa anakutaka.”

“Nani amekuambia?”

“Yeye. Kwa mdomo.”

Mzee Nyamai akatazama viatu vyake, akaangalia soko, kisha akarudisha macho kwa binti yake. Nzau hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, ana mbuzi mia tatu, na hajui hata Katunge ni nani. Mutanu angeweza kuishi naye bila kugombana hata siku moja, na wazo hilo ndilo lililokuwa likimnyima pumzi.

“Umefika miaka ishirini na nane,” baba akasema taratibu. “Nataka neno moja kabla mbuzi hazijatoka. Uliahidi, au hukuahidi, na nani ni shahidi. Usiponipa, Jumapili nitasimama kanisani kama mzee aliyeuza ng'ombe mmoja mara mbili.”

“Mimi si ng'ombe, Baba.”

“Najua. Ng'ombe angekuwa ameshalia.”

*

Shahidi alifika mwenyewe saa tisa kasorobo.

Mashabiki wa Tulia walikuwa wamemwita. Walitaka aisimulie sehemu ya tatu mbele yao, moja kwa moja, kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya kinu, na walitaka aitengeneze. Meseji za sauti zilimiminika kutoka Kikima hadi Tseikuru: Dijei, utuondolee aibu hii. Muthama alishuka kwenye matatu na begi la laptopu, akapita katikati ya watu waliompigia makofi mgongoni, akaingia chumba cha nyuma kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Magodoro yalikuwa bado ukutani. Mutanu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha zamani.

Muthama alikuwa amekonda. Mashavu yameingia, na ile nyusi ya kushoto iliyokatika alipoanguka kwenye mwamba wa Mbooni ilikuwa palepale. Mutanu aliichukia nafsi yake kwa kuitazama nyusi hiyo kwanza.

“Umenona,” Muthama akasema.

“Umechelewa.”

“Mutanu, nisikize. Watu wako nje mia mbili. Sina mtu mwingine wa kuninong'oneza. Nilijaribu na kijana mmoja wa chuo mjini Wote, ananitemea mate sikioni na hajui mapenzi ni nini. Kaa na mimi saa mbili tu.”

“Na Katunge atasemaje safari hii?”

Akavuta kiti, akakaa karibu, goti lake likigusa kiti cha Mutanu. “Nimefikiria. Pale kwenye harusi, tunasema yule daktari ni kaka yake. Wanafanya maigizo kumtega adui. Nzioka akiuliza, Katunge anasema, ‘Nilikuahidi, na bado.’ Sinema inaisha, watu wanarudi makwao, wanalala.”

“Na daktari akimbusu mdomoni?”

“Nitakohoa.”

Mutanu karibu acheke. Kicheko kilifika kooni, akakirudisha, kwa sababu alijua mwanamume huyu alikuwa akimchekesha kila mara kabla ya kuchukua kitu.

“Tarehe kumi na nne, mwezi wa nane,” akasema. “Ulivaa shati la kijani lililokosa kifungo cha pili. Tulikuwa tumemaliza kurekodi. Ulizima mashine ukaniuliza, ‘Nikienda, utaningoja?’ Nikasema nini?”

Muthama akapeleka ngumi mdomoni.

“Usikohoe. Nilisema nini?”

“Uliniangalia.”

“Nilisema nini, Muthama?”

“Macho yako yalisema.”

“Macho yangu hayana Kikamba wala Kiswahili. Nilikuwa nafikiri. Ulikuwa umeniuliza kitu kikubwa huku umeshika waya. Nilikuwa nahesabu kama naweza kuishi na mtu anayelala Wote na kuamka Emali, nikasema moyoni, aniulize kesho, nikiwa nimelilalia swali. Kesho yake ulikuwa umekwenda, na mama yako alikuwa tayari anawaambia wamama wa soko kwamba mwanawe amepata jibu.”

“Ungesema hapana.”

“Ningekuwa nataka kusema hapana, ningesema.”

Hilo lilitoka kabla hajalipima. Nje mtu alipiga bati akiita Dijei, Dijei, muda unaenda. Muthama alimwangalia kwa macho ya mtu aliyeona maji mbali na anaogopa ni mvuke wa jua.

“Kwa hiyo ulinipenda,” akasema polepole.

“Ona. Umeshanisemea tena.”

Akainamisha kichwa. Alipokiinua, ule uchangamfu wa kwenye maikrofoni ulikuwa umemtoka usoni, na Mutanu akamwona jinsi alivyokuwa zamani, mwana wa muuza parachichi aliyeona aibu kumwambia kwamba hajui maana ya neno “destiny”.

“Mbona hukukataa kwa watu?” akauliza. “Miaka miwili. Ungeniita mwongo hapa sokoni, wangeamini.”

Swali hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa la haki. “Mwaka wa kwanza nililipenda hilo jina,” akasema. “Mke wa Dijei. Lilikuwa linanikaa. Nilifikiri utakuja ulilipie kwa kuniuliza tena. Mwaka wa pili nilikataa, wakanicheka. Wakasema wanawake wote wako hivyo. Sasa na Katunge wanamwambia hivyohivyo, na kosa lake ni kwamba alinyamaza mbele ya mwanamume mwenye mdomo.”

“Nifanye nini?”

“Nitakunong'oneza. Lakini utasema ninachosema mimi. Usizidishe hata neno la kumpigia ngamia. Na tukifika harusini, utawaambia maneno ya ile sehemu ya pili yalitoka wapi.”

Muthama akasimama. “Unataka wanizike. Nikisema nilitunga moja, watasema nilitunga yote. Hii sauti ndiyo shamba langu, Mutanu. Sina kingine.”

“Na mimi nina jina moja. Baba yangu anataka shahidi leo, kabla mbuzi hazijatoka Tseikuru. Shahidi ni wewe. Hakuna mwingine.”

Muthama akachukua begi lake na kutoka bila kusema kama amekubali au amekataa. Mutanu akasimama, akafunga duka, akamfuata.

*

Ukumbi ulikuwa unachemka. Watu walikaa kwenye mabenchi, kwenye magunia, kwenye madirisha. Jenereta ilikuwa inanguruma nje upande wa nyuma. Mutanu aliketi ubavuni pa Muthama nyuma ya meza ndogo, sinema ikaanza, akaweka mdomo wake kwenye sikio lile analolijua.

Ajabu ni jinsi mwili unavyokumbuka. Ndani ya dakika tano walikuwa wamerudi. Yeye ananong'ona, “Anasema mji uko chini ya miguu yetu,” na sauti ya Muthama inapanda, inashuka, inacheka kama adui, inakohoa kama mzee wa jangwani. Watu walipiga kelele za raha. Kasyoka alikuwa mstari wa mbele, amefunga leso kiunoni kama anayekwenda kupigana. Mutanu alisikia harufu ya sabuni ya kipande shingoni mwa Muthama, na kila alipovuta pumzi kunong'ona alijua naye anaisikia pumzi hiyo. Akamwonea huruma. Akajionea huruma zaidi.

Harusi ikafika. Shela, maua, daktari na suti yake. Nzioka akaingia na vumbi la miaka saba.

“‘Uliniahidi,’” Mutanu akanong'ona.

“Uliniahidi,” Muthama akasema kwa Kikamba, kwa sauti iliyopasuka.

“‘Sikukuahidi kitu. Uliniuliza, ukaenda kabla sijajibu.’”

Muthama akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kwenye kioo Katunge alikuwa ameshaanza kulia, midomo yake inaenda bila sauti ya Kikamba, na watu wakaanza kugeuka kwenye mabenchi. Mtu akasema, “Dijei, umeme umekukata?” Wengine wakacheka.

Akasimamisha picha.

“Watu wangu,” akasema. “Katunge anasema hakuahidi.”

“Mwongo huyo,” Kasyoka akajibu. “Tulimsikia.”

“Hamkumsikia. Mlinisikia mimi.” Akaonyesha kioo kwa kidole. “Katika ile sehemu ya pili hakusema kitu. Alimwangalia tu. Yale maneno ya nywele na pamba niliyatunga mimi. Nilikuwa nimekaa karibu na mtu niliyetaka aniambie hivyo, na hakuwa ameniambia, basi nikayaweka kwa Katunge.”

Kilichofuata hakikuwa kelele mara moja. Kwanza ulikuwa mguno, kama gari kubwa linapopanda mlima. Simu zikainuka, zinarekodi. Kijana mmoja wa watu wa Kiingereza akapiga makofi na kusema, tuliwaambia. Akasukumwa akaangukia magunia.

“Ina maana mimi nililia bure?” Kasyoka akauliza. Hakuwa anapiga kelele sasa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Mume wangu alipokwenda Mombasa nilimwambia maneno hayohayo, Dijei. Nikangoja.”

“Nisamehe, Mama.”

“Na mengine? Yule mzee wa kisima? Na ngamia aliyesema asante?”

“Ngamia… ngamia pia ni mimi.”

“Toka,” mtu akasema nyuma. “Toka na laptopu yako.” Ganda la ndizi likatua mezani. Muthama hakulikwepa. Akasogeza maikrofoni karibu zaidi.

“Sijamaliza. Mutanu wa Nyamai pia hakuniahidi. Nilimuuliza nikaenda kabla hajajibu, na nikakubali mama yangu na ninyi mseme amejibu. Kila aliyemwita mwongo kwa sababu yangu amemkosea. Mimi ndiye nilimkosea wa kwanza.”

Mutanu aliona watu wakipisha njia mlangoni. Mzee Nyamai, ambaye hakuwahi kukanyaga nyumba ya sinema, alikuwa amesimama ndani, kofia mkononi, nyuma yake mchungaji akichungulia. Mzee aliangalia kioo kwanza, yule mwanamke mkubwa wa nuru mwenye machozi, kisha akamtafuta binti yake kwa macho.

“Basi mambo yamenyooka,” akasema kwa sauti ya kanisani, iliyofika kila kona. “Mutanu, hushikilii neno la mtu. Nitawapigia watu wa Tseikuru watoke na mbuzi asubuhi.”

Watu wakageuka kumtazama Mutanu. Mia mbili. Alihisi ule uzito wa zamani ukimshukia kifuani, uzito wa kuangaliwa na kungojewa anyamaze vizuri. Baba alikuwa ameshatoa simu, na kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Akanyoosha mkono, akaichukua maikrofoni kutoka mbele ya Muthama. Ilikuwa ya moto kwa pumzi yake.

“Baba, usipige,” akasema. “Uliniuliza kuhusu Nzau nikanyamaza kwa sababu nilikuwa naogopa kukuhuzunisha. Sikukubali. Waambie mbuzi zibaki malishoni, na uwaambie ni mimi nimesema, tena kwa heshima, kwa sababu ni watu wazuri.”

Muthama aligeuka kumtazama. Usoni mwake kulikuwa kumeanza kuchomoza kitu, na Mutanu akakiona.

“Na wewe usifurahi,” akamwambia, bado kwenye maikrofoni. “Nimekataa mbuzi. Sijakubali mtu. Ukitaka kuniuliza, utakuja nyumbani kwetu mchana, na mama yako, na utakaa kwenye kiti mpaka nijibu. Hata kama ni siku tatu.”

Jenereta ilinguruma. Nyuma kabisa, karibu nayo, bibi mmoja mzee aitwaye Kalondu alikuwa amekunja mkono sikioni, na hakuwa amepata neno. Akainua fimbo yake.

“Dijei,” akaita. “Huyo msichana anasema nini?”

Watu wote wakamgeukia Muthama, kwa mazoea. Naye akavuta pumzi kama avutavyo kila mara kabla ya kuanza, kifua kikajaa, midomo ikafunguka. Mutanu alimtazama.

Muthama akaifunga. Akasimama, akasogeza kiti chake kando ya meza.

“Yuko hapa, nyanya,” akasema. “Muulize mwenyewe.”